Uji wa Uwele

Ulisema uji una kitu.
Ulisema Jumanne, umekalia kinu kilicholazwa,
mimba ya miezi sita imekupanda mpaka mbavuni,
na mama akasema, "Ndio ugonjwa wenyewe unaongea,"
na shemeji Mbeleje akaitikia, na mimi
nikachutama kupuliza moto uliokuwa ukiwaka vizuri tu.

Siku ya tisa hiyo hujapata usingizi.
Ulikuwa ukihesabu nguzo za mizabibu ya Ndahani
toka uani kwetu mpaka korongoni, Hombolo nzima inakutazama,
ukirudi unasema imepungua moja,
na hiyo moja imeingia tumboni.
Usiku ulimjibu mtu asiyekuwepo, kwa adabu,
kama anayeitikia hodi.
Vidonge vya kliniki ulivitupa mwenyewe mwezi wa pili
kwa kumhofia mtoto. Hakuna aliyekuuliza.
Nami nilifurahi, nisikufiche: safari ya Mirembe
ni nauli, na ni macho ya watu kituoni.

Nikamfuata Nyendo wa Chihanga,
mwanamke mfupi, redio ndogo ameifunga kiunoni kwa kanga.
Aliunusa mzizi kabla ya kuukata,
akauliza mara moja tu, "Ana mimba?"

Nikasema hana.

Elfu kumi na kuku mtetea. Kijiko kwa kutwa,
ndani ya kitu cha moto.

Uji wa uwele una rangi ya kuficha.
Ukwaju kidogo, sukari ya kubembeleza.
Nilikoroga nimeupa mgongo mlango wako,
nikakuletea kwa mikono miwili kama mkwe.
Ulinitazama. Ulikunywa
kwa sababu ni mimi.

Siku ya nne ulilala. Mama akapiga vigelegele vya chini chini.
Siku ya tano ulilala, na mtoto akalala.
Ulichukua kiganja changu ukakiweka, ulimi mzito,
ukasema, "Hagongi."
Tumbo lilikuwa gumu kama kibuyu kikavu.

Pikipiki ya Chilongani, wewe katikati,
mama nyuma yetu kwa miguu, anakimbia na kanga mkononi.
Nesi alikuwa msichana, wino umemchafua kidole.
"Amekula nini?" Ugali na mlenda, mama akasema, anahema.
"Amekunywa nini?" Maji.
Akaweka kipembe chake tumboni, akainama kusikiliza
muda mrefu kuliko ninavyoweza kusimulia.
Mara ya tatu hakumuuliza mama.

Nilisema. Nilisema mbele yako.
Nilitegemea utalia. Ulicheka,
si kile kicheko cha nguzo, kile cha zamani,
cha mtu aliyeshinda kesi,
ukasema, "Niliwaambia."

Yaliyofuata yamo kwenye daftari la kliniki:
dripu, gari la wagonjwa, wiki saba Mirembe,
daktari aliyeongea na wewe, si na mimi,
vidonge vingine, vilivyopimwa kwa ajili ya wawili,
msichana wa kilo mbili na robo aliyechelewa kulia.

Nilirudi Chihanga. Nyendo alinisikiliza mpaka mwisho,
akazima redio.
"Ningekukatalia," alisema. "Ndiyo maana ulidanganya."
Elfu kumi alirudisha. Kuku hakumrudisha.

Sasa uwele unausaga wewe.
Vidonge viko juu ya kabati, si chini ya godoro;
ukishameza unanionyesha ulimi, mtupu, kama mtoto mtundu.
Na kila asubuhi kabla Nyemo hajaamka
unaniwekea bakuli la kwanza,
unasimama, hukai.
Sikuulizi limetiwa nini.
Nakunywa mpaka chini. Nakuonyesha.